Mti Kwanza, Jongoo Baadaye: Kisa cha Timbo la Bamburi

Ukishuka matatu kwenye barabara ya Malindi, kaskazini ya Mombasa, ukakata tikiti na kuingia bustani ya wanyama ya Haller Park, kitu cha kwanza kukupokea ni kivuli. Cha pili ni ukuta, ikiwa huna haraka ya kwenda kuwaona viboko. Wengi hawauoni kwa sababu umefunikwa na mitambaazi, lakini ukisogea utakuta jiwe la matumbawe lililokatwa wima, refu kumpita mtu. Weka uso karibu. Ndani ya jiwe utaona vipande vya matumbawe na kombe za zamani, vimeganda humo kama njugu kwenye kashata. Ardhi ya Bamburi, ile waliyoijua mababu, ilikuwa huko juu ya kichwa chako. Hapo uliposimama ni chini ya timbo, shimo lililochimbwa mawe ya saruji.

Walimu wanaoleta wanafunzi kwa basi huwaambia kwamba hapa palikuwa jangwa la mawe. Watoto huitikia "ndiyo, mwalimu," kisha hukimbilia kumlisha twiga. Siwalaumu. Hata mtu mzima akisimama chini ya mivinje hii, akisikia upepo unavyopita kwenye majani yake kwa sauti ile ya bahari ya mbali, atataka ushahidi.

Kisa cha Bamburi kimesimuliwa mara nyingi na kwa kawaida kina mashujaa wawili, Mswisi mmoja na jongoo mmoja. Wote wawili wanastahili sifa zao, na nitawafikia. Ila mimi naona kilichoifufua Bamburi hasa ni mpangilio: nini kilianza, nini kikafuata, nani aliendelea kupokea mshahara huku akisubiri. Wanaotaka kuiga Bamburi mahali pengine hubeba mti na jongoo, wakauacha mpangilio nyuma.

Kwanza timbo lenyewe. Kampuni ya saruji ya Bamburi ilianzishwa mwaka 1951 na Felix Mandl, mkurugenzi wa kampuni ya Cementia ya Zurich, na saruji ya kwanza ikatoka kiwandani mwaka 1954. Mahali palichaguliwa kwa ajili ya mwamba. Ukanda huu wa pwani umekaa juu ya matumbawe yaliyokufa zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo leo. Jiwe hilo ni chokaa, na chokaa ndiyo nyama ya saruji. Mwamba unalipuliwa kwa baruti, unapondwa, unachanganywa na udongo wenye mfinyanzi, unachomwa kwenye tanuri kwa joto la nyuzi 1,450 hivi za Selsiasi. Kinachotoka ni vidonge vigumu vya kijivu viitwavyo klinka. Hivyo husagwa pamoja na jasi kidogo, vikawa unga unaoujua kwenye mifuko.

Katika miaka 20 ya mwanzo zilichimbwa tani zipatazo milioni 25 za mwamba. Nyumba nyingi za Mombasa, na za mbali zaidi, zimejengwa kwa shimo hili.

Kilichobaki mwanzoni mwa miaka ya 70 kilikuwa sakafu nyeupe ya jiwe tupu. Hakukuwa na udongo hata wa kujaza chungu cha maua. Jua la Pwani lilipiga juu na likarudishwa na jiwe kutoka chini, kiasi kwamba mche ulichomwa pande zote mbili. Upepo wa bahari ulileta chumvi. Na chini ya sakafu, pungufu ya mita moja, kulikuwa na maji, nayo yalikuwa ya chumvi.

Hili la mwisho ndilo ningependa msomaji alishike, maana wasimulizi wengi huliruka. Mashine zilisimama karibu sana na usawa wa maji bila kuingia ndani yake. Zingechimba mita tatu zaidi, leo tungekuwa na dimbwi kubwa la maji ya chumvi lenye kingo za jiwe kali, na hakuna mvinje ambao ungeota humo. Zingesimama mita kumi juu zaidi, mizizi ya miche isingeyafikia maji wakati wa kiangazi cha Januari na Februari. Hatima ya msitu iliamuliwa kwa sehemu kubwa na mtu wa baruti, siku alipoambiwa aishie hapo. Hakujua kwamba anapanda msitu. Alikuwa anaogopa maji yasiingie kwenye mitambo.

Tofauti na kwingine ni kubwa. Uingereza, karibu na Nottingham, kuna hifadhi iitwayo Attenborough, kwenye bonde la mto Trent. Walianza kuchimba changarawe pale mwaka 1929, na mwaka 1966 David Attenborough, yule wa vipindi vya wanyama, akaifungua kuwa hifadhi. Kijiji na yeye wana jina moja, jambo lililowafaa sana watu wa matangazo. Mashimo ya changarawe ya mabonde ya mito ya Ulaya hujaa maji yenyewe, tena maji matamu, kwa sababu changarawe hukaa ndani ya maji ya mto tangu mwanzo. Mchimbaji akizima pampu, ziwa linajitengeneza. Matete yanaota kando, bata wanafika kabla ya mtu yeyote kuwaalika, wavuvi wa ndoano wanafuata na viti vyao. Kazi kubwa ya huko ni kulainisha kingo zisiwe mwinuko wa ghafla, kuacha visiwa vya ndege kutagia, na kuwatenganisha watu wa mashua na ndege wanaotaka utulivu. Ni kazi ya maana, lakini maumbile yamekwisha kukubeba nusu ya njia. Bamburi hayakubeba mtu.

René Haller, yule Mswisi, aliajiriwa na kampuni mwaka 1959. Alikuwa amesomea kilimo cha nchi za joto na upambaji wa bustani, na kazi yake ilikuwa ya kawaida kabisa: kutunza bustani na kuhakikisha chakula cha wafanyakazi kinapatikana. Miaka 11 baadaye ndipo aliposhuka timboni na miche. Ninaitaja miaka hiyo 11 kwa makusudi. Alikuwa ameijua pwani hii, mvua zake na upepo wake, kabla hajaombwa muujiza.

Alijaribu aina 26 za miti. Miche iliwekwa kwenye vishimo ndani ya jiwe, ikaachwa na jua. Baada ya miezi sita zilikuwa zimebaki aina tatu. Mnazi, ambao hakuna mtu wa Pwani atakayeshangaa. Konokapasi, mti wa Somalia na pande za Ghuba ya Aden. Ndugu zetu walio Dubai na Abu Dhabi wanaujua kwa jina la damas, maana umejaa kando ya barabara zao na mizizi yake inasifika kwa kupasua mabomba. Wa tatu ni mvinje.

Aina 23 zilikufa. Katika ripoti nyingi za miradi ya mazingira ninazozisoma, sentensi kama hiyo haimo. Miche inapandwa siku ya uzinduzi, mheshimiwa anapigwa picha na kopo la kumwagilia, na hakuna anayerudi mwezi wa sita kuhesabu. Hapa mtu alirudi kuhesabu, na hesabu mbaya ndiyo iliyomwonyesha njia.

Mvinje tunauona kila siku Pwani hadi tumeuzoea. Fito na boriti zake zinashikilia zege kwenye kila jengo linalopanda, na wakulima wa Kilifi na Kwale wanaupanda shambani kama zao la biashara. Kwa timbo ulikuwa na sifa nne zilizokutana. Unastahimili chumvi. Majani yake ni vijiti vyembamba mithili ya sindano, kwa hiyo haupotezi maji mengi kwa jua. Mizizi yake huota vinundu vyenye bakteria waitwao Frankia, ambao huchukua naitrojeni hewani na kuupa mti, sawasawa na maharagwe yafanyavyo na bakteria wao. Mahali pasipo na udongo, mti unaojitafutia mbolea hewani ni mti wa maana. Na ya nne: unaangusha majani mwaka mzima. Haungoji msimu.

Ndipo tatizo la pili likaja, lile lililozaliwa na mafanikio ya kwanza. Majani yaliendelea kudondoka, lakini hayakuoza. Yamejaa tanini, ile ile inayofanya ngozi iive na chai iliyochemka sana ikaze ulimi. Bakteria wa kawaida hawayataki. Zulia la vijiti vikavu likaanza kunenepa juu ya jiwe, safi na lisilo na uhai, na chini yake hakuna punje ya udongo. Msitu ulikuwa umesimama lakini ulikuwa unajifukia kwa takataka zake.

Haller akaona mahali pengine kwamba kuna mdudu anayekula majani hayo ya mvinje: jongoo mkubwa mweusi mwenye miguu myekundu, Epibolus pulchripes kwa jina la kitaalamu, ambaye wageni wamezoea kumwita treni ya Mombasa. Akaagiza wakusanywe kwa mamia, wakamwagwa timboni.

Watu husema tupa jongoo na mti wake. Bamburi ilifuata kinyume: leta mti, kisha umwitie jongoo wake.

Kama una dakika kumi na hujali wapita njia watakufikiria nini, chuchumaa umtazame mmoja akila. Anashika kijiti kikavu cha jani na kukitafuna polepole kutoka ncha, miguu yake ikipigana mawimbi pembeni bila yeye kwenda popote. Nyuma yake anaacha vidonge vidogo vyeusi. Hiyo ndiyo siri yote. Jani lililokuwa gumu limesagwa, tanini imepunguzwa makali, na sasa bakteria na kuvu wanaweza kuingia kazini. Vidonge vikichanganyika na unga wa jiwe na unyevu vinakuwa mboji. Ukifukua leo kwa kidole chini ya mvinje mkubwa, utapita kwanza vijiti vikavu, kisha vijiti vilivyolainika rangi ya kahawa, halafu kitu cheusi chenye harufu ya shamba baada ya mvua. Halafu kidole kinagonga jiwe. Udongo wa Bamburi ni mwembamba bado. Lakini ni udongo, na umetengenezwa pale pale bila lori hata moja kuuleta.

Fikiria sasa kama mpangilio ungegeuzwa. Majongoo wangetangulia, wangekauka kwenye sakafu nyeupe kwa siku moja, maana jongoo bila kivuli na unyevu ni maiti. Miche ya mvule ingetangulia, ingekufa pamoja na zile aina 23. Udongo ungeletwa kwa malori kutoka kwingine, kama makandarasi wengi wanavyopenda kwa sababu unaonekana upesi kwenye picha, mvua ya masika ingeusomba hadi kwenye nyufa za mwamba ndani ya misimu michache, na mahali ulikotolewa pangebaki na shimo jipya. Kivuli kilileta unyevu, unyevu ukamweka jongoo, jongoo akaleta mboji, na kwenye mboji ikapandwa miti ya asili, mvule ukiwemo. Kila hatua ilisubiri iliyoitangulia, na hakuna ambayo ingeharakishwa kwa pesa.

Maji yanahitaji maelezo yake. Anayeishi Mombasa na kutumia kisima anajua kanuni bila kufundishwa fizikia: maji matamu ya mvua ni mepesi, hukaa juu ya maji ya chumvi ndani ya mwamba kama mafuta juu ya mchuzi. Chota kwa kiasi, utapata maji ya kunywesha bustani. Weka pampu kubwa uvute mchana kutwa, chumvi inapanda na kisima kinaharibika. Timboni, kwa kuwa sakafu iko karibu na maji, mtu hachimbi sana kupata bwawa. Ni kama watoto wanaofukua mchanga ufukweni hadi maji yatokee. Mabwawa yakachimbwa, na yakawa ya chumvichumvi, si ya kunywa wala si ya bahari.

Bwawa lililotuama kwenye joto la Pwani lina tabia mbili mbaya: kugeuka kijani kwa mwani na kuzaa mbu. Samaki walikuwa jibu la awali kwa yote mawili. Perege anavumilia chumvi kiasi, anakula mwani na viluwiluwi vya mbu, na juu ya hayo analiwa. Ufugaji wa perege ulianza mapema miaka ya 70 na ukawa shughuli kamili chini ya kampuni tanzu ya kiwanda iliyoitwa Baobab Farm. Maji yaliyotoka kwenye matangi ya samaki, yakiwa na mbolea ya kinyesi chao, hayakumwagwa. Yalipitishwa kwenye madimbwi yenye mimea ielayo, ile inayofanana na kabichi iliyodondoka mtoni, ikanyonya uchafu; mimea ikavunwa na kugeuzwa matandazo na mboji. Mkulima yeyote mwenye ng'ombe mmoja na shamba la ndizi anaielewa hesabu hiyo. Ajabu ni kuiona ikifanywa na kiwanda cha saruji.

Wanyama wakubwa walikuja baadaye, na kila mmoja alikuja na kazi, angalau kwenye mpango. Viboko wanarutubisha mabwawa kwa kinyesi. Pofu na choroa, wanaovumilia ukame, walijaribiwa kama mifugo ya nyama. Mamba walifugwa. Twiga, nakubali, hana kazi zaidi ya kupendwa, lakini kazi hiyo ndiyo inayokata tikiti nyingi. Watu walianza kuruhusiwa kuingia mwaka 1984, na wakati huo pakiitwa Bamburi Nature Trail. Jina la Haller lilipewa baadaye. Mwaka 1987 Umoja wa Mataifa, kupitia shirika lake la mazingira lenye makao Nairobi, ulimwingiza Haller kwenye orodha ya heshima ya Global 500.

Na bila shaka kuna Owen. Desemba 2004, wimbi lile la tsunami lililoua maelfu huko Asia lilipofika pwani yetu likiwa limechoka, kitoto cha kiboko kilikuwa kimekwama baharini karibu na Malindi, baada ya mafuriko ya mto Sabaki kukitoa kwao. Watu walikikamata kwa nyavu kwa shida kubwa. Kitoto cha kiboko si mbuzi. Kikaletwa Haller Park, kikaachiwa kwenye eneo walimokuwa kobe wakubwa wa Aldabra kutoka Ushelisheli, nacho kikajificha nyuma ya kobe mmoja mzee anayekadiriwa kuwa na miaka 130 hivi, aliyeitwa Mzee. Kobe alifoka siku za mwanzo, kisha akazoea. Picha zao wakilala pamoja zilizunguka dunia. Baadaye Owen alihamishiwa kwa kiboko jike aitwaye Cleo, jambo la busara kwa afya ya kobe.

Watu wa mazingira huikwepa hadithi hii kama pipi ya watalii. Mimi naiona ni kipimo kizuri. Mwaka 1971 ungesema "kuna kiboko yatima Malindi, mpeleke timbo la Bamburi," watu wangekuangalia usoni kuona kama uko sawa. Mwaka 2004 hapakuwa na mahali pa karibu palipofaa zaidi. Bwawa lilikuwepo, nyasi, kivuli, na watu wanaojua kumlisha kiboko. Miaka 33 inapimika hivyo.

Sasa yale ambayo vipeperushi havisemi.

Hii si hali ya zamani iliyorudishwa. Juu ya ule mwamba uliolipuliwa kulikuwa na uoto wa mwambao wenye aina zake za miti na wadudu, na huo umekwenda na saruji. Anayetaka kuuona msitu wa matumbawe jinsi ulivyo bila kuguswa na baruti aende Kaya Kinondo, upande wa Diani, ambako wazee wa Kidigo wameulinda kwa miiko. Ni moja ya kaya za Wamijikenda, ambazo UNESCO ilianza kuziingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Kule miti inakua juu ya jiwe lile lile, mizizi ikishika nyufa, na hakuna aliyeipanda. Bamburi ni mbadala. Mivinje asili yake ni Asia na Australia, konokapasi ametoka Somalia, kobe ametoka Ushelisheli, twiga hakuwa mkazi wa pande hizi. Ni bustani kubwa yenye akili, na nadhani ingepata heshima zaidi ikiitwa hivyo.

Tena saruji ni saruji. Chokaa ikichomwa hutoa kaboni dioksidi kutoka ndani ya jiwe lenyewe, hata ungetumia moto safi namna gani, na makaa ya tanuri yanaongeza yake. Msitu uliopandwa kwenye sakafu ya timbo hauwezi kulipa deni la mwamba wote uliotoka humo. Kampuni haikuacha kuchimba ili ipande miti. Ilipanda nyuma huku ikichimba mbele. Mtu anaweza kuiita hiyo poda usoni. Nimeisikia hoja hiyo kwa watu ninaowaheshimu na siwezi kusema ni uongo. Jibu langu ni kwamba poda nyingi zinazopakwa na makampuni huoshwa na mvua ya kwanza, hii imekaa nusu karne na ina viboko.

Jambo kubwa zaidi ni pesa, na hapa ndipo kisa kinapokuwa kigumu kunakiliwa. Haller alikuwa na mwajiri mmoja, ardhi yenye mmiliki mmoja, karakana ya kiwanda yenye mashine na mafundi, na mkubwa aliyekubali kusikia "aina 23 zimekufa" bila kufunga daftari. Alipoanza hapakuwa na sheria ya kumlazimisha yeyote. Leo sheria ipo: Kenya ina Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999 na Sheria ya Madini ya mwaka 2016, ambayo inamtaka mwenye leseni awe na mpango wa kurejesha eneo na aweke dhamana kwa ajili hiyo. Lakini nenda kwenye matimbo ya matofali ya matumbawe yaliyotapakaa Kilifi na Kwale. Mwenye shamba amekodisha kipande chake, mwenye mashine anakata mawe na kuondoka, vijana waliobeba wamelipwa kwa tofali, na shimo linabaki na mtu ambaye hajui alishike wapi. Mvua kubwa ikinyesha, shimo linajaa maji, watoto wanakwenda kuogelea. Kila baada ya misimu michache tunasikia taarifa ya mazishi.

Mtu akiniuliza timbo dogo kama hilo lifanywe nini, sitamwambia akanunue kobe. Nitamuuliza kwanza maji yako umbali gani chini ya sakafu na ni ya ladha gani. Kisha nitauliza kuta ziko wima kiasi gani, maana ukuta wa wima ndio unaoua. Kuulaza upande mmoja ili anayetumbukia aweze kutoka ni kazi ya siku chache za mashine ambayo bado iko pale pale, kabla haijaondoka. Ni rahisi kumwambia mwenye mashine aitengeneze njia hiyo wakati bado anataka mawe yako. Akishaondoka hupokei hata simu. Mivinje inaweza kufuata baadaye, nayo ina soko: fito zake zitaanza kuuzika ndani ya miaka michache, na mwenye shamba atapata sababu ya kurudi kuiangalia. Mabwawa ya perege yanawezekana penye maji ya kutosha, lakini yanataka mtu wa kila siku, na mtu wa kila siku anataka mshahara.

Kiwanda cha Bamburi kimepita mikono mingi. Kutoka Cementia kikaingia kwa Lafarge ya Ufaransa, na mwishoni mwa 2024 kikanunuliwa na Amsons, kampuni ya Tanzania. Kila mmiliki amerithi timbo na msitu wake pamoja na hesabu za saruji, na ndiye anayeamua kama mtu wa kuhesabu miche ataendelea kuwemo kwenye orodha ya mishahara.

Wakati huo huo kuna jambo linaloendelea kwenye msitu ambalo halimsubiri mmiliki. Mvinje hauishi sana. Miaka 40 au 50 ni uzee. Ile iliyopandwa mwanzoni mwa miaka ya 70 imeingia umri huo, kama haikukatwa zamani ikauzwa boriti. Na mbegu ya mvinje haioti vizuri chini ya mvinje. Inataka jua na ardhi tupu, nayo pale inaangukia kivuli na zulia la majani ya mama yake. Mti mkubwa ukianguka, hauachi mtoto hapo. Unaacha uwazi wenye mwanga, mboji ya vidole viwili vitatu juu ya jiwe, na majongoo wakihama taratibu kuelekea mti wa jirani.